Mkasi Ndani ya Kiatu

Tarehe 6 Februari

Wifi yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Sisi wazima, kaka yako mzima, Mama mzima ila goti lake tu. Natumaini huko hospitalini, kwenye chumba chenu cha kushonea mashuka, hawajakumaliza kabisa, na kwamba yule msimamizi wenu amepunguza mdomo.

Nakuandikia nikiwa na hasira na furaha, vyote pamoja. Nianze na hasira niimalize. Wifi, mlikuwa mnaishije humo ndani? Tangu tuhamie hapa ili Mama asibaki peke yake, nimekuwa nikipita mbele ya mlango wa chumba chenu cha kushonea nikifumba macho. Wiki iliyopita nikasema basi, leo naingia. Nimekuta mikebe ya biskuti isiyo na biskuti hata moja, mmoja umebonyea, mwingine hauna kifuniko. Nimekuta birika lililokatika mdomo limejaa vifungo. Pamba ya kujazia mifarishi imelazwa ukutani kuanzia mlangoni mpaka dirishani, imefunikwa mashuka yaliyochoka, inakula nusu ya chumba. Vitambaa vingine vimekunjwa, vingine vimeviringishwa kama soksi. Na mkasi, ule mkubwa, umechomekwa ndani ya kiatu! Kiatu kimoja cha mwanamume, hakina hata kamba, kimekaa juu ya meza ya cherehani kama mgeni rasmi. Nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu nikaudhika. Mtu mzima, fundi ambaye mtaa mzima unamwita Mama Viraka kwa heshima, anafanya kazi jalalani!

Sasa furaha. Nimekitengeneza chote. Nimenunua makasha ya plastiki yenye vifuniko, yote ukubwa mmoja, nimeyapanga mpaka karibu na dari, na kila kasha nimelibandika karatasi yenye jina: NYUZI, ZIPU, VIFUNGO, LASTIKI. Herufi kubwa kabisa, maana najua macho ya Mama ni mazito kidogo na sikutaka ahangaike. Ile pamba nimeishindilia kwenye mifuko mikubwa ya plastiki, nikaikalia mpaka hewa yote ikatoka, nikafunga kwa kamba. Ule mlima wote sasa uko uvunguni mwa kitanda cha wageni! Vitambaa nimevifungua vyote, nikavipiga pasi, nikavipanga kwa rangi kuanzia nyeupe mpaka nyeusi. Ukifungua kabati unaweza kulia.

Mama nilimwita aone. Alisimama mlangoni akasema, "Pazuri, mwanangu," akarudi sebuleni. Nadhani maneno yalimwishia.

Kiatu nimempa mzoa taka.

Wifi yako akupendaye,
mke wa kaka yako

*

Tarehe 15 Februari

Wifi,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, na mara zote mbili nimetaka kupiga kelele. Salamu nitaziweka mwisho kama zitabaki.

Nani alikutuma? Nakuuliza kwa adabu: ni nani katika nyumba ile aliyefungua kinywa akasema, tafadhali Bibi Ufagio, njoo utuokoe? Nilipoondoka nilikuomba jambo moja tu. Nilikushika mkono pale mlangoni nikasema, "Chumba cha kushonea kiache kama kilivyo." Ukaitikia ndiyo. Kumbe ndiyo yako ilikuwa ya kunisindikiza tu.

Nakuandikia na sipigi simu kwa sababu Mama ana masikio ya kusikia sindano ikianguka chumba cha tatu, na haya si ya kusikia yeye.

Tuanze na pamba. Pamba ya kujazia haikaliwi! Mfarishi unatia joto kwa sababu ya hewa iliyomo ndani ya pamba. Ukiishindilia na kuifunga kamba inalala, na ikishalala muda mrefu haiamki. Mtu atajifunika mfarishi wenye mabonde na vilima, kama amefunikwa gunia la viazi. Na ndani ya plastiki unyevu hautoki, kwa hiyo itaota ukungu, itanuka. Ndiyo maana ilikuwa imelazwa, haijakunjwa, imefunikwa mashuka yanayopumua, pamba nene chini, nyepesi juu. Unaona uchafu pale ambapo wenzio waliweka akili! Fungua mifuko hiyo leo, uitandaze, uiache ipumue, kisha uirudishe ukutani ilipokuwa, kuanzia mlangoni.

Kile kiatu ni cha marehemu baba. Mwenzake kilipotea baba akiwa hai, na Mama alikataa kukitupa kilichobaki, akasema angalau nacho kipate kazi. Mkasi ulikaa humo, ncha chini, miaka yote, na hakuna aliyewahi kujikata. Umempa mzoa taka! Sina la kuongeza hapo, la sivyo nitaandika kitu ambacho tutashindwa kukifuta.

Rudisha kila kitu. Mikebe ile ile, mahali pale pale. Usiniulize kwa nini, maana kuna jambo Mama aliniapisha nisilitamke kwa mtu yeyote, hasa kwa kaka. Jua tu kwamba chumba kile si changu wala si chako, ni cha Mama, na ndicho kinachomwamsha asubuhi.

Na unijibu swali moja, hata kama mengine utayaruka: Mama anashona?

Wifi yako,
Fundi

*

Tarehe 24 Februari

Fundi,

Bibi Ufagio amepata barua yako. Ahsante kwa jina. Nitalishona kwenye aproni.

Mimi ni mke wa kaka yako, si kibarua wako. Niliacha nyumba yangu yenye jiko zuri na majirani wanaosalimia, nikaja kukaa hapa ili wewe uende ukafanye kazi ukiwa na amani. Sikudai shukrani. Lakini nilitegemea nisitukanwe kwa sababu ya kuchomoa mkasi kwenye kiatu! Siku tatu mgongo haukunyooka. Kaka yako mwenyewe, ambaye hata glasi yake haioni mezani mpaka imwagike, alisema chumba kimependeza.

Umeuliza kama Mama anashona. Hashoni. Anapumzika, na ni haki yake. Anakaa kwenye kiti chake karibu na redio, mikono mapajani, anakunja pindo la gauni na kulikunjua, anakunja na kulikunjua. Asubuhi siku hizi haamki mpaka nimpelekee chai. Ule mfarishi aliokuwa ameuanza bado umewambwa kwenye fremu, umefika nusu na robo. Nilimwambia, "Mama, vitambaa vyako vyote viko kabatini, vimepangwa, chagua tu." Akasema, "Nitachagua kesho." Ameshasema kesho nyingi.

Kaka yako anafurahi. Wewe unamjua. Tangu siku ile kitambaa cha meza kiliposhika moto jikoni akamkataza Mama kupika, amekuwa akiutazama ule mkasi kwa jicho baya. Anasema kama Mama ameacha mwenyewe, vizuri, cherehani iuzwe na chumbani awekewe meza yake ya kazi za ofisini. Amekwisha kupima dirisha kwa ajili ya pazia.

Kuhusu kurudisha vitu, sirudishi hata sindano mpaka niambiwe sababu. Nikikosea nionyeshwe kosa, sio kutupiwa amri toka mbali. Na hizo siri zenu za mama na binti mnaziongea kana kwamba mimi ni mpangaji humu ndani. Inaniuma, nakwambia wazi.

Mke wa kaka yako,
Bibi Ufagio

*

Tarehe 3 Machi

Wifi,

Basi. Nilimwapia Mama na sasa navunja kiapo, na dhambi yake mtagawana wewe na kaka.

Mama haoni. Simaanishi macho mazito. Namaanisha haoni. Jicho la kulia liliondoka kwanza, la kushoto likafuata, na wakati mnahamia alikuwa anatofautisha mchana na usiku tu. Daktari alishasema hakuna cha kufanya. Aliniapisha kwa sababu alimwona kaka alivyofanya jikoni: kitambaa kimoja kiliungua, jiko likafungwa. Akasema, "Akijua hili atanifungia na mkono."

Sasa soma tena barua yako ya kwanza, ile ya furaha.

Pamba ilianzia mlangoni kwa sababu hiyo ndiyo iliyomwambia kwamba ameingia. Anaweka kiganja pale, anaifuata ukutani, inampeleka mpaka kwenye cherehani. Mkebe uliobonyea ni wa uzi mweupe. Usio na kifuniko ni wa uzi mweusi. Birika ni vifungo. Kiatu ni mkasi, na hakuna kitu kingine duniani kinachofanana na kiatu ukikishika. Vitambaa vilivyokunjwa ni vya rangi nyepesi, vilivyoviringishwa ni vya rangi nzito. Wewe umevikunjua vyote ukavipanga kwa rangi! Umemwekea mwanamke asiyeona makasha yanayofanana, yote ukubwa mmoja, halafu ukambandikia herufi kubwa!

Amekaa kwenye kiti si kwa sababu anapumzika. Umemzimia chumba.

Na kaka apimie dirisha la nyumba nyingine. Mwambie nimesema.

Fundi

*

Tarehe 12 Machi

Fundi,

Nimeisoma barua yako jikoni, nikiwa nimeegemea sinki. Kisha nikaenda kwenye kile chumba. Mama alikuwamo. Sikuwa nimemsikia akiingia. Alikuwa amesimama hatua moja ndani ya mlango, mkono wa kushoto ameunyoosha kuelekea ukutani, pale pamba ilipokuwa, anapapasa ukuta mtupu. Akasogea, akagusa makasha. Akafungua moja, akatia mkono, akafunga. Akafungua jingine. Akanisikia, akageuka na kutabasamu upande ambao sikuwapo, akasema, "Natazama tu ulivyopanga, mwanangu. Pazuri."

Nilitoka nikaenda kulia bafuni, bomba likiwa wazi. Umeridhika? Basi sasa nisikilize na wewe, maana hasira yangu ni kubwa kuliko yako na nimeipata kwa haki.

Nimeishi na mtu huyu. Nampikia, namfulia, namchana nywele. Nilimnunulia miwani, Fundi! Miwani ya kusomea, yenye fremu ya dhahabu, nikamvalisha mwenyewe, akaniambia, "Ahsante, sasa naona kila kitu." Nilimwonyesha picha za harusi ya mdogo wangu, moja moja, akawa anasema huyu kapendeza, huyu kanenepa. Na hata kunenepa alipatia! Nilikuwa namwekea kikombe popote mkono wangu ulipofika. Niliwahi kuacha ndoo katikati ya korido, akajikwaa, nikamwambia awe anaangalia anapokanyaga. Nilimwambia hivyo. Mmeniacha nimwambie hivyo!

Unasema nimemzimia chumba. Ni kweli, na nimeumia. Lakini nani alinificha swichi? Ungenishika mkono pale mlangoni ukanipa neno moja tu, "haoni," nisingegusa hata pini. Badala yake ukanipa "kiache kama kilivyo," kama vile mimi ni mtoto wa kukatazwa asiguse tu. Uliona nitamkimbilia kaka yako nikamwambie. Ulinipima ukaniona mdogo, ndicho kinachonichoma.

Kaka yako sijamwambia. Si kwa ajili yako.

Sasa nataka kurudisha vitu na sijui vilikaa wapi. Mikebe ninayo, niliihifadhi stoo. Birika lipo. Niandikie mpangilio, wote, usiache kitu.

Mke wa kaka yako

*

Tarehe 19 Machi

Wifi,

Nimeandika na kuchana karatasi tangu barua yako ifike. Una haki, na ninakasirika kwamba una haki. Miwani hiyo ya dhahabu hakuniambia. Angeniambia ningecheka, halafu ningekwambia ukweli siku hiyo hiyo, nadhani ndiyo maana akanyamaza.

Umeomba mpangilio. Nimekaa kuuandika na nimegundua siujui. Najua mikebe, birika, kiatu na pamba, nimeshakwambia. Lakini subana yake ya kidole inalala wapi? Pini? Chaki? Futi ya kupimia? Miaka yote hiyo nikimwambia kaka kwamba mimi ndiye mkono wa kulia wa Mama, na sijui subana inalala wapi. Ilikuwa inatokea tu kidoleni.

Mimi na wewe tumeandikiana juu ya chumba cha mtu mwingine tangu mwezi wa pili, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kumwuliza mwenyewe. Nenda kamwulize. Mwambie unajua. Mwambie nimevunja kiapo, nitachukua mkong'oto wangu nikirudi.

Ila kaka akitia mguu humo na tepu yake ya kupimia pazia, nakuruhusu utumie ufagio.

Fundi

*

Tarehe 9 Aprili

Binti yangu,

Mikono inayoandika ni ya mke wa kaka yako, maneno ni yangu. Nimemwambia asipunguze kitu na asitie sukari. (Sijatia. Mke wa kaka yako.)

Nina hasira na ninyi wawili na nitaigawa sawasawa. Mnanijadili kwa barua kama marehemu anayegawiwa nguo zake. Ni nani mlidhani anapokea bahasha mlangoni kila posta ikija? Mimi! Nimezishika zote. Zilizidi kunenepa, nikajua zinanihusu, na mtoto huyu akawa anazisoma jikoni akipenga kamasi. Nilingoja mtu aniambie kitu. Nilingoja mpaka nikachoka kuketi.

Wewe nilikuapisha umfiche kaka yako. Huyu mwenzio nilikosea kumweka kapu moja na kaka yako, na hilo limekwisha, tumeshalizungumza wenyewe na halikuhusu. Alipokuja kuniambia kuwa anajua, aliketi sakafuni karibu na kiti changu. Nikamwambia alete kitambaa cha kichwa. Nikamfunga macho, nikamshika mkono, nikamwambia, sasa twende ukajionee chumba. (Niligonga fremu mara mbili. Alicheka.) Tukaanzia mlangoni. Kila nilipompeleka mkono alisema, "Hapa?" Nami nikasema, "Hapa," na kitu kikarudi.

Subana inalala karibu na mguu wa kiti cha cherehani, kwenye tundu la ubao wa sakafu. Ulikuwa unaikanyaga kila siku.

Pamba imerudi ukutani, lakini si kama zamani, kwa hiyo usije na zamani zako. Ameiinulia vichanja vya mbao ili isiguse sakafu, na kila shuka la kufunikia amelishonea vifungo kwenye pindo: kimoja ni pamba nyepesi, viwili ni ya kati, vitatu ni nene. Yale makasha yake amebaki nayo, ila amebandua karatasi. Kasha la zipu limeshonewa zipu, la lastiki limefungwa lastiki. Nakuuliza wewe uliyekaa nami miaka yote: kwa nini hukuwaza hilo? Mimi nilizoea kuvumilia mikebe nikidhani ndiyo akili yote iliyopo.

Ile pamba iliyokaliwa, nusu yake imekufa. Tumeijazia mto wa kiti cha kaka yako.

Vitambaa tulivikunja na kuviviringisha pamoja, yeye anataja rangi, mimi nakunja. Na hapa ndipo nimekasirika kweli. Ile nyekundu uliyonipa kwa ajili ya katikati ya mfarishi, ile niliyokuwa najivunia kwa majirani, anasema si nyekundu. Ni zambarau iliyochujuka. Na ile buluu ya anga ni kijivu. Ulikuwa unanipamba, mwanangu, kama mtoto anayedanganywa apate kula. Huyu haniambii hivyo. Akiona kitu kibaya anasema, "Mama, hiki kibaya." Nimefumua katikati yote na kuanza upya, na usithubutu kuandika kwamba unasikitika. Niletee nyekundu ya kweli utakapokuja.

Kaka yako nimemwambia mwenyewe, mezani, kijiko kikiwa mdomoni mwake. Alikiweka kijiko chini. Kisha akaja akanishika kichwa, na nikadhani amekua. Kumbe bado. Alipomaliza kulia akasema, "Basi, Mama, ule mkasi niuweke mbali." Nikamwambia, "Hewala, uchukue." Akaingia chumbani, mwenye macho yake mawili, na taa akawasha. Akafungua makasha, akainua vitambaa, akachungulia chini ya cherehani. Sisi tumekaa sebuleni tunamsikiliza. Alitoka mikono mitupu. Akasema atatafuta vizuri akirudi kutoka kazini, kwa sasa amechelewa, na je, kuna mtu ameona kiatu chake cha kushoto?

(Kile cheusi cha ofisini. Kilikuwa nasi sebuleni, chini ya aproni yangu. Ameenda kazini na ndara. Mkasi umeingia vizuri, ncha chini.)

Nimenyoosha mkono kwenye meza ya cherehani nikaukuta mara ya kwanza. Mfarishi nimeufikisha ukingoni.

Wewe fanya kazi yako, ule vizuri, umsalimie msimamizi wako mwenye mdomo. Na siku ukirudi, usiingie chumbani kwangu kama ulivyozoea, kusukuma mlango tu na kuanza kupanga. Piga hodi. Ukiitikiwa, ingia, keti, na usiguse kitu.

Mama yako,
Mwenye Chumba